Hakuna tone chini, lakini gari linavuta hewa

Mwaka wangu wa kwanza huku kwenye baridi nilidhani hita ya gari ni kile kitufe cha kuzungusha chenye buluu upande mmoja na nyekundu upande wa pili. Nilikokulia kilikuwa pambo tu, sikuwahi kukigusa. Kumbe ile hita inategemea maji ya moto ya injini. Ukizima injini, joto nalo linaaga. Mimi nalala kwenye Land Cruiser langu kuukuu porini wikendi nyingi, na nje ikiwa hasi 20, baada ya saa moja mle ndani ni friji. Kuacha injini ikinguruma usiku kucha si dawa: inakula mafuta, inawakera watu, na injini ya dizeli isiyo na mzigo haipati hata joto la maana.

Dawa wanayotumia watu wa huku ni hita ya dizeli inayojitegemea. Ni kisanduku cha kubeba mkono mmoja. Ndani kuna chemba ndogo ya kuchomea mafuta, plagi inayopata moto kuanzisha mwako, na feni. Hewa ya moto inayoingia garini haikutani kabisa na moshi, maana kati yao kuna ukuta wa chuma. Yangu ni ya kilowati 2, na hita za ukubwa huo hunywa kati ya lita 0.1 na 0.28 hivi kwa saa. Mafuta inaletewa na kipampu cha umeme kinachogonga tik, tik, tik, kila tik tone moja dogo.

Kuifunga si kazi. Kazi ni kuamua itanywa wapi.

Nilikuwa na njia tatu: kuiwekea mrija wake kutoka kwenye tangi, kukata mpira unaopeleka mafuta kwenye injini na kupachika tii, yaani kiungio cha midomo mitatu, au kupachika tii kwenye mpira wa marejesho, ule unaorudisha tangini mafuta ambayo injini haikuyatumia. Nilichagua ya pili kwa sababu moja tu, uvivu. Mpira uko wazi chini ya gari, unaufikia umelala chali, hakuna kushusha tangi wala kutoboa chochote. Nusu saa nilikuwa nimemaliza, na usiku huo nililala na fulana.

Siku ya tatu asubuhi gari likagoma. Starta inazunguka vizuri, betri nzima, injini haishiki. Nikafungua boneti, nikaipampu ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka ikawa ngumu, nikajaribu tena. Likawaka, likatetemeka, likatulia. Kesho yake vilevile. Nikamtumia sauti fundi wangu wa zamani, mtu ambaye hajawahi kuona theluji.

"Kuna mafuta chini ya gari?" akauliza.

"Hakuna hata tone. Nimeweka boksi usiku kucha, limelala kavu."

"Basi linavuta hewa. Umegusa nini, kaka?"

Nikamwambia habari za hita. Akacheka kwanza. "Mnawasha moto ndani ya gari na mnalala humo?" Halafu akaniambia nitafute mpira wa kuona ndani, niukate kipande cha kiganja, nikiweke kabla ya pampu ya injini, niwashe, nitazame.

Nilitazama. Vipovu vidogo vilikuwa vinapita kwa foleni, kimoja kimoja, kama shanga kwenye uzi. Nikibonyeza tii kwa kidole vinapungua, nikiiachia vinarudi.

Injini kama hii haina pampu ndani ya tangi. Pampu iko mbele, kwenye injini, na inavuta mafuta kama mtu anavyovuta soda kwa mrija. Njia yote ya kutoka kwenye tangi iko kwenye mvuto, kwa hiyo kiungio kilicholegea hakitoi mafuta nje, kinaingiza hewa ndani. Ukizima, hewa inajipenyeza palepale, na mafuta yaliyokuwa yamejaa kwenye bomba yanateremka taratibu kurudi kwenye tangi. Asubuhi injini inakuta bomba tupu. Ndiyo maana boksi langu lilikuwa kavu.

Na msifikiri wenye magari mapya mmepona. Pale pampu ya umeme inapokuwa ndani ya tangi, njia hiyohiyo ina msukumo. Ukiweka tii hapo, mafuta yanaweza kukisukuma kipampu cha hita na kupita bila kusubiri tik yake. Chemba inafurika na unapata moshi mweupe wa kuita majirani. Mpira wa marejesho nao una yake: yale mafuta yanarudi na povu, na kama bomba la marejesho linaishia juu ya tangi badala ya kufika chini, injini ikizimwa hita inavuta hewa tupu. Linalozama mpaka chini linaweza kufaa. Langu sikujua linaishia wapi, nikaachana nalo.

Nikarudi kwenye njia niliyoikimbia. Nilifunua zulia la nyuma, nikafungua kifuniko cha chuma, nikatoa geji ya mafuta na floti yake. Tundu nilitoboa kwenye bamba la geji likiwa mezani, kamwe si likiwa kwenye tangi, maana vumbi la chuma likidondoka mle ndani litatafuta nozeli zinazonyunyizia mafuta kwenye injini. Nikapitisha bomba jembamba, nikalikata ncha kwa mshazari ili lisijibandike mahali likaziba, na nikaliacha juu ya sakafu ya tangi kwa sentimita 8. Hiyo sentimita 8 ni makusudi. Hita ikiishiwa, injini bado ina mafuta ya kunitoa porini, na zile takataka zilizotulia chini hazinihusu.

Ule mpira laini wa kijani uliokuja na hita niliutupa. Ulikuwa mpana na unatanuka kidogo kila kipampu kinapogonga, kwa hiyo tone lilikuwa linafika limechoka. Nikaweka mrija mgumu wa nailoni wenye tundu la milimita 2. Wembamba huo una maana: kwenye tundu kubwa kipovu kinakaa juu, mafuta yanapita chini yake, halafu siku moja vipovu vinaungana na kufika kwenye chemba kwa pamoja, moto unazimika saa tisa usiku. Kwenye milimita 2 kipovu hakina pa kukaa, kinasukumwa na kutoka. Mrija ukate kwa wembe, usiukate kwa koleo ukauminya. Pale miwili inapoungana ndani ya kipande cha mpira, ncha zake ziguse kabisa, maana nafasi ya unene wa ukucha tu ni nyumba ya hewa. Kipampu nilikiweka karibu na tangi, kwa sababu kinasukuma vizuri kuliko kinavyovuta, mdomo wa kutolea ukitazama juu, na nikakining'iniza kwenye raba. Kikifungwa moja kwa moja kwenye bodi, ile tik utaisikia kwenye meno.

Mara ya kwanza kuwasha, hita ilishindwa mara mbili kabla mafuta hayajaujaza mrija mtupu. Ya tatu ikashika.

Eksozi yake niliielekeza pembeni, mbali na tangi na mrija, mbali na mlango ninaotumia. Kabla ya kulala nazunguka na koleo la theluji kuhakikisha haijafukiwa, na ndani nina king'ora cha kaboni monoksaidi, kwa sababu hiyo hewa ya sumu haina harufu. Asubuhi nazima kwa kitufe na kusubiri feni ipoze chemba dakika chache. Ukikata umeme ghafla unaipika.

Jambo moja hita haikusaidii: nayo inakunywa dizeli ileile. Viwango vya Ulaya, EN 590, vina dizeli ya baridi kali ya madaraja 0 hadi 4, kuanzia ile ya kupita kwenye chujio mpaka hasi 20 hadi ile ya hasi 44. Ukipanda milimani na mafuta ya kiangazi, nta iliyomo kwenye dizeli inaganda, na filta ya hita, ambayo ni ndogo kama kidole, inaziba kabla ya ile ya injini.

Fundi nilimtumia video ya mpira wa kuona ndani, mafuta yanapita kama kioo. Akajibu, "Sasa ondoa huo mpira kabla haujapasuka." Niliuondoa siku hiyohiyo.

Kasoro iliyobaki ni ya kwangu mwenyewe. Bomba la hita limekaa upande wa kulia wa tangi. Nikiegesha kwenye mteremko gari limelalia kushoto, na tangi liko chini ya robo, mafuta yote yanakimbilia kule na hita inakata. Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kutandika godoro, nazungusha gari gizani mpaka tairi za kulia ziwe upande wa chini.