Chepstow: tazama maji kwanza, kuta baadaye

Kabla ya kukata tiketi ya ngome ya Chepstow, kusini mwa Wales, angalia jedwali la maji kujaa na kupwa. Mto Wye hapo bado unaitii bahari: siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 12. Aliyezoea bamvua ya Mombasa au Unguja, ya mita 4 hivi, atadhani tarakimu imekosewa. Fika yakiwa yamekupwa, usimame kwenye daraja la chuma la 1816. Jabali lililobeba ngome liko wazi lote, miguuni matope ya kahawia, na hapo hujiulizi tena kwa nini Wanormani, wavamizi wa Uingereza kutoka kaskazini mwa Ufaransa, walipachagua mwaka 1067.

Wengi hudhani lango wanaloingilia ndilo kongwe kuliko yote. Sivyo. Ngome imelala kwa urefu juu ya ukingo mwembamba, nayo iliongezwa huku na huku. Ukongwe uko katikati, kwenye Mnara Mkuu. Nyoosha hadi huko. Tafuta mshipi wa vigae vyekundu ukutani: ni vya Kirumi, vilivyookotwa magofuni. Kisha linganisha unene wa kuta. Upande wa nchi kavu ni nene. Upande wa mto nyembamba, maana jabali lenyewe lilikuwa boma tosha.

Halafu milango, na hapa usiharakishe. Ilikaa langoni hadi 1962, sasa imehifadhiwa ndani. Ilidhaniwa ya karne ya 13 mpaka pete za ukuaji wa mti katika mbao zilipochunguzwa: mialoni ilikatwa si baada ya miaka ya 1190, enzi za William Marshal, bwana wa ngome wakati huo. Uso wa nje umevikwa mabamba ya chuma, moto usipate pa kushika. Wageni hupiga picha uso huo na kuondoka. Zunguka nyuma uone miraba ya mbao, ulimi wa ubao mmoja umezama kwenye tundu la mwenzake. Seremala hatabanduka hapo.

Malizia kwenye kumbi za Roger Bigod, bwana wa baadaye wa ngome, za mwishoni mwa karne ya 13. Shuka ngazi taratibu hadi ghala lenye dari la kuba. Lina uwazi juu ya mto. Shehena ilivutwa kwa kamba kutoka kwenye mashua. Chungulia: maji uliyoyaacha yamekupwa yameanza kurudi. Mashua ziliingia nayo, na iliyochelewa kupakua ilikalia matope hadi yajae tena.