Siku Injini ya Mjomba Ilipozima Uyole

Jumamosi binti yangu alikuwa ananyooshwa nywele uani. Kitana cha moto kilipogusa utosi uliopakwa mafuta ya nyonyo, moshi ukapanda, nami nikaacha kumenya vitunguu. Dada anayemtengeneza akadhani nakerwa na harufu, akaanza kuomba radhi. Wapi! Mwenzake nilishafika Uyole, kwetu Mbeya, zamani, nimesimama kwenye nyasi, nalinda ubao wa vibanio.

Wasiojua wataona ajabu, lakini nyonyo ikiungua ndiyo harufu ya ndege. Sisemi za abiria. Nasema zile ndogo, bawa mita moja na nusu hivi, anayeziongoza amesimama chini na redio mkononi. Injini zake hazinywi petroli, zinakunywa methanoli iliyochanganywa na nitromethani na mafuta, na mafuta yenyewe mara nyingi ni nyonyo kwa sababu hayashindwi na joto. Mjomba akirudi nyumbani jioni ananuka hivyo, mkewe anamwambia akalale na ndege yake.

Injini ya mjomba ilinunuliwa kwa pesa ya viazi.

Siku ilipozima, warushaji wa ndege hizo walikubaliana kukutana kwetu, mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikiwa imekolea. Uwanja wa ndege wa Songwe ulikuwa haujafunguliwa bado (ulikuja kufunguliwa mwishoni mwa 2012), ndege za kweli zilitua pale pale mjini, kwa hiyo walitafuta uwanja wa malisho upande wa Uyole, mbali na njia zake. Hawakuwa wengi. Padri mmoja mzee wa Kizungu aliyekuwa akiongea Kiswahili cha kijijini kuliko sisi, fundi wa mitambo kutoka mashamba ya chai Mufindi, vijana wa chuo, na mgeni wa Dar aliyekuja na mabawa yamefungwa blanketi kwenye buti la basi. Konda alimtoza nauli ya mzigo halafu akataka aonyeshwe.

Mimi nilipewa ubao. Redio za wakati ule ziligawana chaneli. Wawili wakiwasha chaneli yenye namba ileile, ndege iliyoko juu inapokea amri za watu wawili na inakuja chini bila kuuliza. Kwa hiyo kila chaneli ilikuwa na kibanio chake cha nguo chenye namba. Huna kibanio, huwashi. Nilikuwa msichana mdogo, na asubuhi ile nilikuwa mkali kuliko mgambo wa sokoni. Hata padri nilimrudisha.

Kuna mama mmoja wa jirani, mtu mzima sana, alikuja mapema kabisa kuuliza kifaranga chake kikifa atalipwa na nani. Mjomba akavua kofia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hawa mwewe ni wako?"

Alipewa kigoda na chai ya maziwa, akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akanywa. Kesi hakuifuta. Akakaa pale pale na khanga yake mabegani, akihesabu kuku wake kwa mbali kila ndege iliporuka. Ndege zilinguruma asubuhi nzima na kuku wala hawakuinua vichwa.

Sasa, Uyole ni karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, injini inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake, na iliyopangwa Dar ikipandishwa huku inakohoa kwa sababu mafuta ni yale yale na hewa imepungua. Dawa yake ni kukaza sindano ya kabureta ili mafuta yapungue. Mgeni alikaza ya kwake, ikaimba. Akanogewa, akakaza na ya mjomba. Ya mjomba haikuwa na shida yoyote, ilishazoea baridi yetu, lakini mgeni ni mgeni, ukimkatalia unaonekana una maringo.

Ndege ikapaa vizuri. Ikapita mbele yetu, ikazunguka upande wa chini ambako kuna barabara ya kwenda Tukuyu, upepo ukiisukuma kwa nyuma. Hapo ndipo sauti ilipokatika.

Haikufifia. Ilikatika tu. Mjomba akapaza sauti, "Injini imezima!" na watu wakaondoka njiani. Nikaanza kusikia vitu ambavyo kelele ilikuwa imevifunika: lori likipunguza gia mlimani, kengele ya ng'ombe, padri akinong'ona namba au sala, sijui. Propela ilisimama imelala mlalo. Nilimtazama mjomba mikono. Kila mtu aliyekuwa pale alitamani avute kijiti, ainue pua, ndege ibaki juu kidogo zaidi. Ndivyo zinavyokufa. Ukiinua pua isiyo na injini, kasi inakwisha, bawa linaacha kubeba, inadondoka. Mjomba alisukuma. Alishusha pua kuelekea ardhi, kijiti kidogo tu, taratibu, mpaka nikaona ndege inakuja kwetu uso kwa uso, na ikija hivyo kushoto kwake ni kulia kwako. Bawa moja likalala. Kidole gumba chake kikaenda upande uleule wa bawa lililolala, kama kinaliegemeza, na likainuka.

Ikapita juu ya nyumba ya bibi bila sauti yoyote. Na hapo ndipo mama kuku alipopiga ukelele wake, vifaranga vikapotea chini ya kihenge. Asubuhi nzima hakujali; hii ya kimya ndiyo aliyoiamini.

"Mnaona!" bibi akasema, amesimama tayari.

Ilitua pembeni ya nyasi fupi, ikapinduka, propela ikavunjika. Basi. Mjomba aliweka mikono mfukoni mwa koti na hakuitoa mpaka alipopewa chai. Wakabishana mpaka mchana: mgeni akasema mafuta yaliingia hewa, fundi wa Mufindi akasema sindano ilibanwa mno, maana injini ikiwa hewani inazunguka kwa wepesi na mafuta yanaipungukia, lazima uiache na ziada ukiwa chini. Bibi alilipwa propela iliyovunjika. Aliitaka mwenyewe, sijui ya nini.

Nimewahi kulisimulia hili kwenye kikao fulani, mtu mmoja akaligeuza mahubiri papo hapo: maisha yakizima, shusha pua. Kweli? Duka langu lilipozima nilishusha pua, nikafika chini mapema kuliko wenzangu walioinua.

Mwaka uliofuata injini iliuzwa, ikawa mabati ya nyumba ya mjomba. Ni mabati mazuri, mpaka leo hayavuji, na mkewe ana haki zote za kujisifu. Juzi nilimpigia mjomba kumuuliza kama aliiuza kwa hiari yake au la. Akasema hanisikii vizuri, mtandao unasumbua, halafu kwa sauti safi kabisa akaniuliza mbolea mjini imefika shilingi ngapi.