Siku moja ya mfungaji vinyago, Mtwara

Ukienda kwenye maonyesho Dar es Salaam unakuta kinyago kimesimama juu ya kibao cheupe, taa inakimulika, karatasi ndogo pembeni. Watu wanauliza kimechongwa na nani, wachache wanauliza bei. Kimefikaje pale kikiwa na vidole vyote kumi, hilo silisikii likiulizwa. Kazi yangu ndiyo hiyo: kukagua vinyago na kuvifunga kwenye makasha ya safari. Hapa mtaani Chikongola tunaitwa watu wa makasha, na yupo jirani anayeamini kwa dhati kwamba naunda majeneza ya watoto.

Hii ni Jumatano moja. Mzigo ni vipande saba vya maonyesho ya Dar: nguzo moja ya ujamaa (watu waliopandana), shetani mmoja (sanamu ya pepo), sanamu mbili ndogo za kina mama, na mapiko matatu (vinyago vya kuvaliwa kichwani; kimoja ni lipiko).

Saa 11:30 alfajiri. Nafungua stoo, naangalia kipima unyevu ukutani. Asilimia themanini na kitu, kama kawaida ya pwani. Siwashi feni. Mpingo uliozoea hewa nzito ya Mtwara ukipulizwa ghafla hukauka juu wakati ndani bado una maji; ganda linasinyaa, moyo haujasinyaa, na hapo ndipo ufa unapozaliwa.

Saa 1 asubuhi. Gari kutoka Newala linashusha vipande vitatu vya mwisho, vimeviringishwa kwenye blanketi. Mzee aliyechonga nguzo kaja nayo mwenyewe. Ananiangalia ninavyoikagua, mikono nyuma, kama mtu aliyempeleka mtoto hospitali.

Ukaguzi una mpangilio wake. Kwanza tako la kinyago, maana hapo hakuna aliyehangaika kung'arisha, kwa hiyo hapadanganyi. Natia tone la mafuta ya kula kwenye kitambaa cheupe nasugua. Kitambaa kikitoka cheusi ti, kilichopakwa ni kiwi ya viatu, na pengine chini yake kuna mti mweupe usio mpingo kabisa. Kisha nakwaruza kidogo kwa ncha ya kisu mahali pasipoonekana. Mpingo ndani ni kahawia inayoelekea zambarau nyeusi, na vumbi lake ni hivyo hivyo. Tatu ni uzito: mpingo mkavu huzama majini, kwa hiyo kipande cha ukubwa wa chupa ya soda kikiwa chepesi mkononi, huna haja ya ndoo.

Halafu tochi. Ufa wa zamani ndani yake kuna giza na vumbi, kingo zimelainika. Ufa mpya una kingo kali na ndani unang'aa. Ufa uliozibwa kwa nta na unga wa mpingo si dhambi, wachongaji wazuri wote wanafanya hivyo, mradi uandikwe. Kila kipande napiga picha pande nne, juu na chini, na kila kasoro napiga na rula pembeni. Picha hizo ndizo zitakazosema ufa ulikuwepo Mtwara au ulipatikana njiani.

Shetani ana ufa mpya. Sentimita 4, kwenye bega, unaelekea kwenye mkono mwembamba kuliko kalamu. Namwekea alama ya penseli mwisho wa ufa na tarehe kwenye karatasi. Tutaona jioni.

Saa 3. Karatasi: kibali cha kusafirisha mazao ya misitu, risiti, barua ya mwaliko, orodha yenye picha, nakala tatu za kila kimoja. Foleni, mhuri, nimerudi. Mzigo wa ndani ya nchi unaishia hapo. Akitokea mnunuzi wa kwenda nao Ujerumani ni habari nyingine: karibu jamii yote ya mpingo imo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, tangu mwaka 2017, na msamaha wa kibali kwa bidhaa zilizokamilika unaishia kilo 10 za mti huo kwa mzigo mmoja. Nguzo yetu ina kilo 34. Wauzaji wengi hukumbuka jambo hili mgeni akiwa tayari uwanja wa ndege.

Saa 4:30. Mapiko. Chai na ming'oko ya kuchemsha kwanza, nimenawa, maana mafuta ya vidole kwenye lipiko hayatoki.

Anayefikiri lipiko ni mpingo hajawahi kulishika. Ni kofia ya kuvaliwa kichwani na mchezaji, kwa hiyo huchongwa kwa mti mwepesi, mweupe, likapakwa rangi. Nywele ni za binadamu, na chale za usoni mara nyingi ni nta ya nyuki iliyobandikwa. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 60 na kidogo, lakini inaanza kulegea mapema zaidi, na buti ya basi karibu na injini mchana wa Oktoba si mahali pake. Lipiko linasafiri mbele, nyuma ya kiti cha dereva. Nimekwisha kupokea sura iliyorudi chale zimehamia shingoni.

Ndani naweka mpira wa kitambaa cha pamba uliojazwa vipande vya sponji, lipiko likae kama limevaliwa, lisilalie sikio. Nywele nafunika kwa karatasi laini isiyo na wino. Gazeti hapana, na hapa nasisitiza kwa sababu kila mtu anatumia gazeti: wino unahamia kwenye rangi, na karatasi inashika kwenye nta.

Na fukusi. Mti mweupe ni chakula chao. Ukiona unga mwembamba kama poda chini ya kinyago, wamo. Sanamu ya mti mtupu unaweza kuifunga kwenye nailoni isiyopitisha hewa ukaiweka kwenye friza, nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki nzima, kisha ukaiacha ndani ya nailoni siku moja kabla ya kufungua ili umande ujikusanye nje ya nailoni, si juu ya mti. Lipiko lenye nta sithubutu. Nta ikipata baridi kali hukatika. Hilo nalitenga peke yake juu ya karatasi nyeusi wiki mbili, nione kama unga unaanguka. Haya matatu yametoka safi.

Saa 6 mchana hadi sijui saa ngapi. Nguzo ya ujamaa.

Urefu sentimita 120, unene mahali papana zaidi 26. Watu wamepandana, bibi chini, wajukuu juu, na katikati ni matundu matupu unayopitisha mkono. Uzuri wake ndio taabu yake: kilo 34 zimeshikiliwa na miguu na mikono ya watu wadogo. Nafuata kanuni moja tu, kwamba nguzo ishikwe pale ilipo nene na isiguswe pale ilipo nyembamba. Ukiijaza sponji kila tundu, ukadhani umeilinda, kila mtikisiko wa barabara utasukuma sponji kwenye kiwiko cha mtu fulani mpaka kikatike.

Kasha ndani ni 132 kwa 38 kwa 38, yaani sentimita 6 za nafasi kila upande. Plaiwudi ya milimita 9, fremu ya mbao mbili kwa mbili, na chini miguu miwili ya mbili kwa nne ili vidole vya wapakizi vipate pa kuingia. Kasha lisilo na pa kushika huangushwa. Ndani, vikalio vitatu vya mbao vilivyokatwa kwa umbo la nguzo na kuvishwa sponji ngumu: kimoja karibu na tako, kimoja katikati, kimoja chini ya kichwa cha juu. Nakata umbo kwa kupima na waya laini. Unaukunja kuzunguka nguzo, unaulaza kwenye mbao, unachora.

Kikalio cha katikati kimegoma. Mahali nilipopima pana mkono wa mtoto umechomoza. Nimekisogeza sentimita 11 kuelekea kichwani, nikakata upya. Simu inaita.

Ni mwandaaji kutoka Dar. "Dada, naomba zipakwe kiwi kidogo, zing'ae kwenye kamera."

Namweleza. Kiwi inaingia kwenye mistari ya nywele, inakaa, inashika vumbi, baada ya miezi miwili nywele zimekuwa tope. Inaficha ufa, na mgeni mwenye shati jeupe akiegemea ataondoka na doa. Mpingo uliosuguliwa kwa msasa mpaka namba 600, kisha kitambaa kikavu, unang'aa wenyewe. Amesema sawa kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali.

Nimerudi kwenye msumeno. Simu tena. Anataka nguzo isafiri imesimama, "kwa sababu ndivyo ilivyochongwa ikae." Kilo 34 na kasha la kilo 19 ni kilo 53, zisimame juu ya sentimita 38 kwa kama kilomita 560, dereva akanyage breki mbuzi akikatiza! Inalala. Imefungwa kwa kanda za pamba za upana wa sentimita 5 kwenye vikalio, siyo kamba ya katani, maana katani inakata pembe.

Simu ya tatu: waandishi wa habari watakuwepo, kasha lifunguliwe likifika tu. Hapa sauti yangu imepanda kidogo, nakiri. Ukumbi una kiyoyozi. Kasha likae limefungwa humo ukumbini saa 24, hewa ya ndani ipoe polepole, ndipo skrubu zitoke. Na taa ziwe za LED; zile za zamani za joto, zikiwekwa mita moja kutoka kwenye mpingo, hufanya kazi ya jiko.

Mzee wa Newala bado amekaa kwenye kigoda mlangoni. Amesikia kila kitu. "Mwanangu, hao wanadhani ni dumu la mafuta?"

Simu ya nne ndiyo iliyoniudhi. Orodha ya karatasi za ukutani imetumwa, na mbele ya vipande vyote saba imeandikwa "Mchongaji wa Kimakonde". Mchongaji mwenyewe yuko hapa, mita mbili kutoka kwangu, anakunywa chai. Tunajua kwamba mtindo wa shetani unahusishwa na Samaki Likankoa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa sababu kuna watu waliandika jina. George Lilanga, mchongaji na mchoraji aliyefariki 2005, anajulikana Ulaya kwa jina lake. Na lile lipiko lililoibwa Makumbusho ya Taifa mwaka 1984, likaja kurudishwa kutoka jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva mwaka 2010. Kitu kisicho na picha wala maandishi, ukiibiwa utadai nini? Nimemtumia jina, kijiji, mwaka, aina ya mti, vipimo, vya kila kipande. Nimemwambia bila hivyo kasha halipandi gari. Hiyo ya mwisho ilikuwa hasira, lakini sikuifuta.

Kifuniko kina skrubu 14 za inchi mbili, matundu yametobolewa kwanza kwa drili. Misumari hapana: kila pigo la nyundo linasafiri mpaka kwenye kidole chembamba kuliko vyote, na kule Dar watakuja kukifungua kwa mtaimbo.

Chakula cha mchana nimekila kimepoa, nimesimama.

Baadaye, jua limeshaelekea Mikindani, tuko stendi. Konda anataka kuweka boksi la samaki wa barafu juu ya kasha. "Bosi, hili si la mbao? Linabeba tu." Litabeba, ndiyo, maji ya chumvi yatapita kwenye maungio ya plaiwudi. Tumebishana kwa heshima, nimelipia nafasi ya samaki pia, boksi limekwenda upande wa pili. Mapiko yamekaa nyuma ya dereva, nimempigia saluti.

Wakati nasubiri risiti, abiria mmoja ameniuliza aende wapi Dar kuona sanaa, ana siku moja. Nimempa njia yangu. Asubuhi Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Kisha Nafasi Art Space, Mikocheni, kwa kazi za wasanii walio hai, wengine utawakuta wakipaka. Kwa wachoraji wa Tingatinga, ushirika wao uko Morogoro Stores, Oysterbay. Anuse, rangi ni ya mafuta ile ile inayopaka milango. Jioni Mwenge kwa wachonga vinyago, na asinunue kabla hajageuza kinyago akaangalia tako. Akikuta ukumbi ambao karatasi za ukutani zina majina ya watu, abaki humo muda mrefu zaidi.

Giza limeingia narudi stoo. Shetani bado yuko mezani. Nawasha tochi: alama yangu ya penseli ya asubuhi iko nyuma, ufa umeipita milimita 3. Huyu haendi. Namvika nailoni, nafungua kona moja tu ili apumue kidogo kidogo, namweka rafu ya chini mbali na mlango. Natuma ujumbe Dar kwamba vipande ni sita, na picha mbili, ya asubuhi na ya sasa, rula pembeni.

Jibu limekuja kabla sijafunga mlango: "Sawa dada. Mzee wa Newala, Juma ni jina la kwanza au la baba?"