Mashine ya kadi na wanaokula kabla yangu

Mteja wangu wa mikoba akigusisha kadi, mashine ikalia "tii", hela bado si yangu. Benki iliyompa kadi inakata chake, Visa au Mastercard nao chao, benki yangu inamalizia. Kinachobaki huingia siku ya pili, wikendi usiulize.

Asilimia wanayokata sina ugomvi nayo. Kinachoniuma ni ile ada isiyobadilika ya kila muamala: kwa kazi ndogo kama kubadilisha zipu ya mkoba, faida yote inaliwa.

Karatasi za kupokea mzigo nawasainisha wateja na kuzitunza, kwa sababu mtu anaweza kuyakana malipo kwa benki yake miezi baadaye, pesa ikakatwa kwangu kwanza, maswali yakafuata.

Mashine sirudishi, lakini. Mikoba ya bei kubwa hununuliwa kwa kadi.