Kifundo cha Kulia

Juzi nilifungua kasha la kanga za marehemu mama, na kabla macho hayajaona rangi, pua ilishapokea dawa ya nondo. Nikasimama na kifuniko mkononi. Harufu ile ndiyo ya chumba cha kuhifadhia mifupa ya watu ya kufundishia, ghorofa ya chini, mvua za masika, na Mzee aliyenifunza kazi akiniambia, "Kabla hujapanga, hesabu."

Ulikuwa ukaguzi wa kawaida, sanduku baada ya sanduku. Mtu mzima ana mifupa 206, na 106 kati yake imo katika mikono na nyayo, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole. Huko ndiko makosa hujificha. Fuvu halipotei ovyo, wala mfupa wa paja. Kinachohama sanduku ni kifupa cha ukubwa wa tende. Tukatandika sponji yenye kitambaa juu ya meza. Fuvu tukalitoa kwa mikono miwili, kamwe si kwa kutia vidole kwenye matundu ya macho, maana kuta za humo ni nyembamba kama ganda la yai, tukaliweka juu ya kata ya kitambaa lisibingirike. Halafu uti wa mgongo pingili kwa pingili, mbavu 12 kila upande, mikono, nyonga, miguu.

Nilipofika wayo wa kulia, talasi zilikuwa mbili.

Talasi ni mfupa wa kifundo cha mguu: umekalia kisigino, na muundi umeukalia wenyewe. Kila mtu anazo mbili, ya kushoto na ya kulia. Mbele yangu zilikuwa tatu, na zile mbili za kulia hazikuwa na namba inayosomeka.

Sababu niliijua. Mifupa hutolewa nyama kwa maji ya moto yenye sabuni, yasiyofikia kuchemka, kisha lazima iondolewe mafuta. Hatua hiyo ikifanywa kwa haraka, mafuta huendelea kutoka kwa miaka: mfupa unageuka njano, unashika vumbi, unaita wadudu. Wino ulioandikwa juu yake hubanduka kama chokaa kwenye ukuta wa chumvi. Isitoshe, wanafunzi walikuwa wamefunguliwa masanduku kadhaa juu ya meza moja. Kanuni inasema sanduku moja, meza moja, na la kwanza lifungwe kabla ya kufungua la pili. Siku hiyo haikufuatwa.

Mzee akaleta kaliper, kifaa cha kupimia urefu kwa milimita. Talasi ya kushoto ya sanduku letu ilikuwa na urefu wa milimita 57. Moja ya zile za kulia ilikuwa 57, nyingine 51. Kwa mtu mmoja kushoto na kulia hutofautiana kidogo sana. Milimita sita ni mtu mwingine. Tukarudi kwenye daftari la matumizi: siku ile yalifunguliwa masanduku manne. Tukakagua matatu yaliyobaki, moja baada ya jingine. Mawili hayakuwa na talasi ya kulia. Katika moja, ya kushoto ilikuwa 55. Katika la pili, 51.

Nilitaka kuandika jibu papo hapo. Mzee akanizuia. "Usiangalie unafanana, mwanangu. Angalia unakaa."

Akanipa muundi wa kulia wa sanduku lile la pili. Niliushika kwa mkono wa kushoto, ncha ya chini ikinitazama, nikaitia ile talasi ya 51 polepole. Uso wake wa juu una mgongo wa mviringo kama kigae cha paa, mpana mbele, mwembamba nyuma. Uligusa, ukateleza kidogo, ukatulia. Nikauyumbisha mbele na nyuma: ulikwenda kama mguu unavyokwenda mtu akikanyaga cherehani. Nikausukuma pembeni: haukucheza. Pembeni ya muundi kulikuwa na mchubuko mdogo wa ugonjwa wa viungo, na kwenye talasi, mahali palepale, mchubuko mwenzake. Halafu kisigino chini yake, nacho kikakaa. Mifupa mitatu, iliyotengana sijui miaka mingapi, ikasimama mkononi mwangu kama kifundo cha mtu aliyetembea. Nadhani sote wawili tulinyamaza kwa muda. Nje mvua ilikuwa imeshika.

Kurudisha namba hakukuchukua muda. Mahali pa kuandikia ni shingo ya talasi tu, kwa sababu kwingine karibu kote ni uso wa kiungo, na juu ya kiungo au pointi ya kupimia hapaandikwi. Unafuta kwa spiriti, unapaka tabaka jembamba la Paraloid B-72, utomvu angavu wa plastiki, iliyoyeyushwa kwa asetoni, unaacha likauke, unaandika kwa kalamu ya ncha nyembamba na wino wa kaboni, kisha tabaka la pili juu. Mifupa ya nyayo ikaenda kwenye mifuko ya kitambaa, kulia mbali na kushoto. Nailoni hapana, unyevu ukifungiwa humo, ukungu hauchelewi.

Kisa cha kuhangaikia kifupa kimoja ni hiki. Mikusanyo hii ndiyo inayotupa kipimo cha kumtambua maiti asiyejulikana. David Allbrook wa Makerere alichapisha mwaka 1961 njia ya kukadiria kimo cha wanaume wa Afrika Mashariki kwa urefu wa muundi na wa mfupa wa kigasha. Talasi nayo hupimwa kutofautisha mwanamume na mwanamke. Mguu wa mwanamke ukiingia sanduku la mwanamume, jedwali linadanganya, na anayelitegemea mochwari anadanganyika.

Ndipo tukafungua kadi ya mwenye kifundo kile. Mwanamke. Umri 40. Kwa miaka ya makumi kamili kama 30, 40, 50 mimi huwa na shaka, kwani mara nyingi ni karani wa hospitali aliyekisia. Huko Coimbra, Ureno, mifupa ya watu 505 wa mkusanyo wao ilitoka makaburini ikiwa na kumbukumbu za umri na kazi. Kwetu, kama ilivyokuwa kwa sehemu kubwa ya mkusanyo wa Raymond Dart kule Johannesburg, wengi waliingia kama maiti wasiodaiwa, yaani hakuna ndugu aliyejitokeza kuwachukua.

Neno hilo, wasiodaiwa, wakati ule sikulitilia maanani. Baadaye nilisoma habari za Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 2017 walikagua mkusanyo wao, wakakuta mifupa ya watu tisa wa mji wa Sutherland iliyofukuliwa na kuletwa chuoni miaka ya 1920. Ndugu zao walikuwapo. Wale tisa walizikwa tena kwao Novemba 2023.

Kwenye kadi ya mwanamke wetu palikuwa na jina moja tu, la kwanza, kwa penseli. Chini yake, mahali pa ndugu, karani alichora kistari. Kifupi, cha wino, kilichonyooka. Hakisemi kama walitafutwa wakakosekana, au hakuna aliyewatafuta.