Msumeno ulikuwa ukilemewa na mninga, kosa likawa kwenye ekstensheni

Wiki mbili niliamini msumeno wangu wa duara unakufa. Kwenye mbao za paini ulipita vizuri, lakini ukigusa mninga unapungua nguvu, unanguruma, na mota inatoa harufu ya kuungua. Nilibadilisha kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, nikanoa meno. Wapi!

Jioni moja nikashika ekstensheni yangu ya mita 30, iliyobaki imeviringishwa. Ilikuwa ya moto, ganda limeanza kulainika. Nikaichomoa papo hapo. Wanangu hupita pale wakitoka shule. Nikikumbuka, moyo bado unashtuka.

Fundi umeme wa mtaani kwetu akanipigia hesabu. Msumeno wa wati 1800 kwenye volti 230 unavuta karibu ampea 8, na zaidi ukibanwa na mti mgumu. Waya wangu ulikuwa wa milimita za mraba 0.75, kwa hiyo volti 11 hivi zilipotea njiani. Mota ikikosa volti hulemewa na kuchemka. Waya ulioviringishwa nao hauna pa kutolea joto.

Nilinunua mita 15 tu za waya wa 2.5, wenye nyuzi tatu pamoja na ya ethi. Sasa upotevu haufiki volti 2. Fundi akafunga pia swichi ya kinga ya miliampea 30, inayokata umeme ukivuja. Kabla ya kuwasha naukunjua waya wote na kuupitisha nyuma yangu, mbali na meno.

Mninga ule ule unakatika, msumeno hausiti.