Kitanda, sufuria ya shaba na kondoo mmoja

Wosia wa mkulima wa Uingereza wa karne ya 16 huanza "Kwa jina la Mungu, amina." Kwanza roho, kisha mwili uzikwe kwenye uwanja wa kanisa la parokia, ndipo mali. Hapo ndipo ninaponata. Kitanda na shuka zake kwa binti, sufuria ya shaba kwa mwingine, kondoo mmoja kwa mtoto wa ubatizo.

Akishafariki, majirani watatu au wanne walipita chumba kwa chumba wakiandika na kuthamini kila kitu, hadi nafaka ghalani. Nikisoma orodha hizo naiona nyumba nzima. Hadi mwanzoni mwa 1858, karatasi hizi zilithibitishwa zaidi na mahakama za kanisa.

Kinachoniuma ni hali ya wanawake walioolewa. Mwenye mume hakuweza kuandika wosia bila ridhaa ya mumewe, na sheria haikumpa uhuru kamili hadi ile ya 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa. Mjane aliweza. Ndiyo maana nautafuta wosia wa mjane kabla ya mwingine wowote: humo kila gauni na aproni vina mrithi wake, kwa jina.